Neema ya Bure na Kilo Mbili za Gunia

Somo: Luka 19:1–10, Hesabu 5:5–8, Filemoni 18–19



Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, ndugu mmoja alinisubiri kando ya mlango. Anatoka upande wa Nkubu na ameokoka mwaka wa pili sasa. Zamani alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama na vijana kijijini kwao. Aliangalia kushoto na kulia kama mtu anayetaka kuvuka barabara, halafu akaniuliza hivi:

"Pasta, nilipookoka, Mungu alinisamehe zote ama alinisamehe nusu?"

Nikamwambia, "Zote, ndugu yangu. Zote kabisa."

"Sasa mbona wale akina mama wa chama bado wananipigia simu?"

Nilicheka. Kisha nikanyamaza, kwa sababu niliona hachezi. Pesa za chama alizokula zilikuwa shilingi 46,000. Alizikula kabla ya kuokoka. Anaamini kabisa kwamba yule mtu aliyezikula alizikwa siku ya ubatizo, na kwamba kumdai yeye ni kama kumdai marehemu. Na si kwamba ni mtu mbaya. Analia wakati wa kuabudu, anafagia kanisa Jumamosi. Lakini ana swali, na nadhani wengi wetu tunalo, ila yeye tu ndiye amekuwa na ujasiri wa kuliuliza mlangoni. Kama neema ni ya bure, mbona aliyesamehewa arudishe?

Sikumjibu siku hiyo. Nilimwambia nitaandika. Sababu ya kutomjibu ni kwamba swali lake nami nimelibeba, na sikutaka kumjibu kama mtu msafi anayemfundisha mchafu.

Nilipomaliza digrii yangu ya biashara sikupata kazi. Nilizunguka na bahasha Nairobi miezi minane, nikarudi nyumbani Embu, nikawa broka wa makadamia. Wenye mashamba huku mnajua hii biashara. Mwaka wa 2009 serikali ilipiga marufuku kuuza nje makadamia ambazo hazijabanguliwa, kwa hivyo ilibidi zipitie viwanda vya humu nchini. Mzee mwenye miti sita hawezi kwenda kiwandani mwenyewe, na hapo kati ndipo broka anaingia na pikipiki yake na mizani ya kutundika. Misimu mitatu nilizunguka Kyeni, kutoka Karurumo mpaka Kathanjuri, nikinunua.

Nilikuwa nimeokoka. Hilo nataka ulisikie vizuri. Ndugu wa Nkubu alikula pesa akiwa bado gizani. Mimi nilikuwa timu ya sifa, nashika maikrofoni Jumapili.

Kulikuwa na kitu kinaitwa kutoa gunia. Ukipima makadamia zikiwa ndani ya gunia, lazima utoe uzito wa gunia lenyewe. Ni haki. Zamani tukitumia gunia la katani, ungeweza kutoa kilo moja na usikose sana. Lakini magunia yetu yalikuwa yale ya nailoni, mepesi kama gazeti, na bado tulikuwa tunatoa kilo mbili. Mabroka wote walitoa kilo mbili. Nilifundishwa hivyo siku ya kwanza, kwa upole kabisa, kama vile mtu anavyofundishwa kufunga gunia kwa kamba. Ilikuwa desturi ya soko. Watu wa Timau na Kibirichia wenye viazi wana hadithi yao ya lumbesa, sisi tulikuwa na gunia letu.

Siku moja nilikuwa kwa shosho mmoja, mjane, na mjukuu wake wa darasa la saba alikuwa amesimama pale akiangalia mizani. Nikasoma, "Hamsini na mbili, toa mbili za gunia, hamsini." Yule mtoto akaokota gunia tupu lililokuwa chini, akaliinua kwa kidole kimoja. Akauliza, "Shosho, hii ni kilo mbili?"

Shosho akamwambia, "Nyamaza. Huyu ni mtu wa Mungu."

Nililipa, nikapakia, nikaondoka. Jumapili yake nikatoa fungu la kumi la faida ya wiki hiyo, nikashukuru Bwana kwa kunibariki.

Miaka ikapita. Nikaitwa kwenye huduma, biashara nikaiacha, nikaoa. Nilihubiri sana juu ya neema, na nilikuwa nahubiri vizuri, watu walisema. Lakini kuna kitu nilikuwa najua peke yangu: kila nikifika mahali pa kusema furaha ya wokovu, nilikuwa naongeza sauti. Mhubiri yeyote atakwambia maana yake. Unapaza sauti mahali ambapo huna kitu.

Nilidhani ni uchovu. Nikafunga siku saba. Siku ya tano, sijui kama nilikuwa naomba au nalala, nikaona kile kidole cha mtoto.

Basi nikafanya kile nilichosomea. Nikachukua daftari, nikapiga hesabu. Magunia matano kwa siku, tuseme. Karibu kilo moja na robo tatu, tuseme kilo 1.8, ya wizi kwa kila gunia, kwa bei ya wastani ya shilingi 100. Hiyo ni shilingi 900 kwa siku. Siku 60 za kununua kwa msimu, misimu mitatu. Shilingi 162,000. Niliiangalia hiyo namba usiku mzima.

Asubuhi nikamwambia mke wangu nimepata mwongozo. Nitauza shamba dogo la ukoo nililogawiwa na hizo pesa nizitoe kwa ujenzi wa kanisa, ziwe sadaka ya toba. Alikuwa anakoroga uji. Hakuinua hata macho. Akaniambia, "Mungu hakukuuzia makadamia."

Wapendwa, nimekaa darasa la theolojia, na sijawahi kusikia mhadhara mfupi kama huo.

Maana angalia nilichotaka kufanya. Nilimwibia shosho, na sasa nilitaka kumpa Mungu, ili mimi na Mungu tupatane, na shosho abaki nje ya mkutano. Neno halituruhusu. Katika Mambo ya Walawi sura ya 6, mtu aliyedhulumu jirani yake anarudisha kitu chenyewe, anaongeza sehemu ya tano juu yake, anampa mwenye mali, ndipo anakuja na sadaka kwa kuhani. Bwana Yesu katika Mathayo 5 anasema hivyo hivyo: sadaka iache pale madhabahuni, nenda kwanza kwa ndugu yako. Foleni ya madhabahu inaanzia nyumbani kwa uliyemkosea.

Sasa turudi kwa swali, kwa sababu mtu atasema hiyo ni sheria, na sisi tuko chini ya neema. Sawa. Twende kwenye neema.

Jambo la kwanza unalofundishwa katika uhasibu ni kwamba kila shilingi inaandikwa mara mbili. Ikitoka upande huu, imeingia upande ule. Hakuna shilingi inayopotelea hewani. Ukiona deni limefutwa katika daftari, usiruke kwa shangwe kwanza, uliza nani amelibeba. Wenye Sacco mnalijua hili kwa uchungu. Ulimdhamini rafiki, akakopa, akahama, simu ikazimwa, na yeye huko aliko anajiona hana deni. Deni halikufa. Lilihamia kwenye akiba yako.

Dhambi yangu mbele za Mungu ilifutwa, na najua nani aliibeba na ilimgharimu nini. Neema ni bure kwangu kwa sababu haikuwa bure Kalvari. Lakini ile kilo na robo tatu ya makadamia, hiyo nikisema imefutwa na sijairudisha, nani amebeba? Shosho. Yule mjane ndiye amelipia neema yangu. Mimi naimba kwamba ni bure, na bili imepelekwa Kyeni.

Hapo ndipo ninaposimama, na ndugu yangu wa Nkubu, hili ndilo jibu langu kwako. Mungu amekusamehe zote. Lakini hakukusamehe kwa kuchukua pesa za wale akina mama na kukuachia wewe. Mungu hawezi kuwa mkarimu kwa mfuko wa mjane.

Mtume Paulo alilielewa vizuri kuliko sisi. Soma ile barua fupi kwa Filemoni, aya 25 tu, unaimaliza kabla chai haijapoa. Onesimo ametoroka kwa bwana wake, na inaonekana huenda alimletea hasara. Huko aliko ameokoka, amekuwa mwana kwa Paulo. Paulo angeweza kuandika, "Huyu sasa ni kiumbe kipya, sahau." Badala yake anasema kama kuna deni, liandikwe kwangu, na anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalilipa. Huyo ni mtume wa neema, yule tunayemnukuu kila tukitaka kukwepa. Aliposikia neema, alitafuta kalamu asaini kama mdhamini.

Utaniuliza, je, wale akina mama hawawezi kusamehe tu? Wanaweza. Shosho angeweza kusema, "Nimekuachia." Lakini msamaha wake ni mali yake. Nikijichukulia bila kuomba, kwa kusema Mungu ameshamaliza, nimemwibia mara ya pili.

Lakini kuna hatari upande ule mwingine pia, na hii ndiyo iliyonikamata mimi. Mtu mwenye daftari anaweza kuanza kufikiri kwamba akimaliza zile 162,000 atakuwa amenunua amani. Hapana. Tazama Luka vizuri. Katika sura ya 19 kuna Zakayo. (Najua hilo jina siku hizi likitajwa Kenya watu wanawaza kodi. Ya kodi tuyaache, tubaki Yeriko.) Zakayo anasema nusu ya mali kwa maskini, na aliowanyang'anya atawarudishia mara nne. Sura nne mbele, katika ile ya 23, kuna mhalifu msalabani. Hakurudisha hata senti. Hakuna mtu aliyetumwa nyumbani kwa walioumizwa. Na jioni hiyo hiyo yuko peponi na Bwana.

Kama kurudisha ndiyo bei ya wokovu, yule mhalifu hakuingia. Aliingia. Kwa hivyo si bei.

Mbona basi Zakayo arudishe? Fuata mpangilio wa hadithi. Yesu anamwita kwa jina akiwa bado juu ya mkuyu, kabla hajatubu kwa maneno yoyote. Aya ya 6, Zakayo anashuka upesi na kumkaribisha kwa furaha. Furaha iko aya ya 6. Pesa ziko aya ya 8. Furaha ilitangulia. Na ona kiasi: kwa mtu anayeungama mwenyewe, torati ilidai sehemu ya tano tu juu ya kilichoibiwa. Mara nne ilikuwa ya mtu aliyeiba kondoo akamchinja au kumuuza. Zakayo alijipigia hesabu ya juu. Mtu anayelipa faini halipi hivyo. Faini tunailipa na kudai risiti.

Yule mhalifu mikono yake ilikuwa msalabani. Yangu iko huru, na mkono wa kulia una simu yenye M-Pesa. Hiyo ndiyo tofauti yetu.

Hata Kiswahili chetu kinatusaidia hapa. Kuna kulipa na kuna kurudisha. Zile pesa hazikuwa zangu hata siku moja. Huwezi kusema umelipa mtu kwa kumpa kitu chake. Daudi, baada ya lile la Bathsheba, anamwomba Mungu katika Zaburi ya 51 amrudishie furaha ya wokovu. Tunataka Mungu aturudishie na sisi wenyewe haturudishi kwa jirani?

Lakini nikitaja Daudi lazima nitaje Uria, maana hapo daftari inafungwa. Uria alikuwa amekufa. Hakuna kondoo wanne wala wanne mia wa kumrudishia mtu uhai wake. Kuna wapendwa wanasoma hapa ambao walichochukua hakirudishiki: mtu aliyegongwa na pikipiki usiku, ndoa ya mwingine, jina la mtu lililochafuliwa hadi akahama. Ndugu, dada, kwako siandiki "rudisha" na kukuacha hapo. Wewe mikono yako iko msalabani kama ya yule mwingine, na maneno aliyoambiwa ni yako. Wala sitaki mtu aende kukopa kwenye simu kwa riba ili alipe deni la zamani, tukaishia na madeni mawili. Nenda useme ukweli, mpange kidogo kidogo. Hata 200 kwa wiki.

Hili si jambo jipya kwetu. Uamsho ule uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, na kupitia Uganda ukafika Kabete mwaka wa 1937, ukaenea hadi huku kwetu mlimani, ulijulikana kwa mambo mawili. Moja ni ule wimbo wa Kiganda, Tukutendereza, ambao hata sisi Wapentekosti tunauimba. La pili ni kwamba watu walioguswa waliungama waziwazi na kurudisha: vitu vya waajiri, vya majirani, vya ndugu. Waliita kutembea nuruni. Wimbo tumeurithi. Lile la pili, sijui tuliliacha kituo gani.

Na wazee wetu kabla ya Injili walijua pia. Njuri Ncheke ikisikiza kesi ya Mmeru, haimalizi kwa kusema "poleni". Kuna fidia, kuna mbuzi au fahali, kitu kinatoka mkononi mwa aliyekosa. Sisemi neema ni mbuzi. Nasema wazee hawakumwacha aliyekosewa aende nyumbani mikono mitupu huku aliyekosa akishangilia, na itakuwa aibu sisi tulioona msalaba tukifanya vibaya kuliko wao.

Basi nilienda Kyeni. Sikuuza shamba, mke wangu alikataa hilo pia. Tulipanga kwa mshahara, na nikauza pikipiki. Nilianza kwa yule shosho. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu. Nilipofika dakika ya pili akanizuia kwa mkono. Akasema, "Nilijua."

Nikamwuliza, "Sasa shosho, mbona ulimwambia mtoto anyamaze?"

Akasema, "Ungekasirika ungeacha kuja. Ningeuzia nani?"

Sijui kama unanielewa. Miaka hiyo yote nilikuwa nikifikiri alisema vile kwa kuniheshimu. Alikuwa ananiogopa.

Alihesabu pesa mbele yangu, pole pole, akazikunja kwenye leso. Hakunikumbatia wala hakulia. Akaniambia, "Na wa pale chini? Pia kwake ulikuwa unakuja." Akasimama na kuninyooshea njia kwa fimbo yake. Nilienda.

Si kila nyumba ilikuwa hivyo. Baba mmoja alikataa pesa, akasema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na siku ya soko akayarudia mbele ya watu. Nilistahili. Mzee mmoja wa kanisa aliniita akaniuliza kama sioni naaibisha huduma. Nilimwambia huduma iliaibika siku ya mizani, ni vile tu hatukuwa tumeambiwa. Nyumba nne wenyewe walikuwa wamekufa. Hapo Hesabu 5:8 ilinisaidia: Bwana alikwisha kuliwaza hilo. Unatafuta jamaa wa karibu, na kama hakuna jamaa kabisa, ndipo inaenda kwa Bwana kupitia kuhani. Tatu nilipata watoto wao. Ya nne ndiyo peke yake iliyoingia kwenye sadaka.

Furaha? Ilirudi, ndiyo, lakini haikungoja nimalize. Ilinikuta kwenye ile njia ya kushuka kwa jirani, kabla sijajua kama atanipokea au atanifukuza. Nilijikuta naimba, na sauti ilikuwa ndogo. Shilingi 162,000 bado hazijaisha. Zimebaki 58,400.

Ndugu wa Nkubu, wakikupigia simu wiki hii, pokea. Ukitaka tutaenda wawili, gharama ya matatu ni yangu.

Na kama uliniuzia makadamia misimu ile, wewe au mzazi wako, kati ya Karurumo na Kathanjuri, na bado sijafika kwenu, nitafute Jumapili. Nitakuwa nyuma, karibu na mlango wa ofisi. Njoo na yule mtoto aliyekuwa akiangalia mizani, kama sasa ni mkubwa.